Daftari lilijua kabla yetu

Juma hili hatuandiki juu ya likelemba wala juu ya bei ya unga. Tunaandika juu ya mtoto mmoja wa darasa letu, mvulana wa miaka 9. Mama yake ametupa ruhusa kusimulia, kwa masharti mawili: jina la mtoto lisiandikwe, na sisi tusijifiche. "Andikeni, Madamu," alituambia, "lakini mwandike na yale yenu." Basi, yale yetu yamo pia.

Sisi tunafundisha shule ya msingi. Tulisoma ISP, tukapata diploma, tukafundishwa kuandaa somo, kusahihisha mtihani, kujua tabia za mtoto kufuatana na umri wake, na kujaza daftari la mahudhurio kila asubuhi. Daftari hilo tunalijaza vizuri. Nani amefika, nani hakufika, nani amechelewa, na pembeni neno fupi la sababu. Hakuna aliyetufundisha kulisoma.

Mambo yalianza mwezi wa 10, wakati wa jua kali kabla ya mvua, jakaranda zikiwa zimechanua. Watoto walikuwa wakicheza mpira uwanjani saa ya mapumziko. Mtoto huyu hakuanguka, wala hakupigwa na mwenzake. Alisimama ghafula, akashika mgongo kati ya mabega, akalia kama mtu aliyechomwa kisu. Kisha akakaa chini. Akasema miguu yake imelala. Yaya yake wa darasa la 6 akambeba mgongoni hadi nyumbani.

Nyumbani nkambo wake alimkanda kwa mafuta ya mawese na maji ya moto. Majirani walikuja kuomba. Baba, ambaye ni mchimbaji upande wa Kambove, alirudi na vidonge vya maumivu. Siku ya tatu mtoto akasimama. Baada ya siku nne alirudi shuleni, mwembamba kidogo, akicheka. Kila mtu alifurahi, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Nkambo alisema ni mafuta. Majirani walisema ni maombi. Baba alisema ni vidonge. Sisi tuliandika: "Hakufika siku 4, mgongo." Tukafunga daftari.

Baada ya sikukuu ya Noeli tukaanza kuona vitu vidogo. Kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa ikimtoka njiani, naye anaendelea kutembea bila kujua, mpaka wenzake wamwite: "Kiatu chako!" Tulidhani ni utoto. Mwezi wa 2 akaanza kujikojolea darasani. Mtoto wa miaka 9, ambaye hakuwa na shida hiyo tangu aanze shule! Wenzake wakampa jina baya ambalo hatutaliandika. Tukamwambia aoshe dawati lake mwenyewe, mbele ya wote, tukidhani haya itamfundisha. Siku ya pili tulimwambia tena. Siku ya tatu aliacha kunywa maji asubuhi, na mama yake hakujua sababu.

Mwezi wa 3 alichelewa mara tano kwa majuma mawili. Tukampigisha magoti pamoja na wachelewaji wengine. Adhabu ilipokwisha wengine waliinuka na kukimbia kwenye viti. Yeye alishika mguu wa dawati, kisha kiti chake, kisha ukingo wa juu, akapanda kwa mikono kama mtu anayepanda ukuta. Darasa zima lilicheka. Tulidhani anafanya mchezo ili wenzake wacheke. Wamama, tunaandika neno hili kwa shida: na sisi tulicheka kidogo.

Mwezi wa 5, usiku wa Ijumaa, maumivu ya mgongo yalirudi. Asubuhi ya Jumamosi miguu yote miwili ilikuwa imekufa. Nkambo, kwa upendo wake, aliweka kitambaa cha maji ya moto juu ya paja. Mtoto hakulia. Jioni wakaona ngozi imeungua na kutoka malengelenge, naye hakuwa amesikia kitu. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa limevimba na kuwa gumu, kwa sababu tangu usiku hakuwa amekojoa. Siku ya Jumapili mama alimpeleka hospitali, na juma hilo hilo wakatumwa Lubumbashi, kilomita kama 120. Mama alikuwa peke yake, baba yuko kazini, basi alituomba tumsindikize.

Mganga wa Lubumbashi, kijana mpole, aliuliza: "Ugonjwa ulianza lini?" Mama akajibu: "Jumamosi, dokta." Akauliza tena: "Kabla ya Jumamosi hakuna kitu?" Mama akafikiri, akasema hakuna. Hapo sisi tukakumbuka ule mpira wa mwezi wa 10. Tukampigia simu mwalimu mwenzetu, tukamwomba afungue kabati na kusoma pembeni mwa jina la mtoto. Alisoma, nasi tukarudia kwa sauti: mwezi wa 10, siku 4, mgongo. Mwezi wa 2, nguo zimelowa. Nguo zimelowa. Mwezi wa 3, amechelewa, amechelewa, ameanguka kwenye ngazi. Mwezi wa 4, anaumwa tumbo, hapati choo.

Mganga akaweka kalamu chini. "Mara ya kwanza ilikuja ghafula, ikaondoka yenyewe, kisha ikarudi?" Tukasema ndiyo. "Mna ugonjwa wa miezi 7," akasema, "si wa siku tatu." Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wetu, kwa wino wa buluu, ila hatukuwa tumesoma mistari hiyo pamoja.

Ilichukua majuma mengi na falanga nyingi mpaka picha ya IRM ipigwe. Ilionyesha kundi la mishipa ya damu iliyosokotana ndani ya mgongo, kama nyuzi ambazo paka amezichezea. Mtoto alizaliwa nayo. Mwezi wa 10 ilivuja damu kidogo. Mwezi wa 5 ilivuja zaidi. Kati ya miezi hiyo ilikuwa ikiubana ugwe polepole.

Tuwaeleze ugwe huo, jinsi mganga alivyotueleza kwa mchoro nyuma ya karatasi. Ndani ya mifupa ya mgongo mna tundu, na ndani ya tundu mna kamba laini, kwa mtu mzima nene kama kidole kidogo. Huo ndio ugwe wa mgongo. Kutoka kichwani unapeleka amri kwa mikono, miguu, kibofu na choo. Kutoka mwilini unarudisha habari: hapa moto, hapa baridi, hapa mwiba. Ugwe unaishi kwa damu kama kiungo kingine chochote. Mbele yake unapita mshipa mmoja mrefu wa damu, na nyuma miwili midogo. Kuna mishipa mingine inayoingia njiani kuongeza damu, na mkubwa kati ya hiyo, unaolisha sehemu ya chini, unaitwa kwa jina la Albert Adamkiewicz, aliyeueleza mwaka 1882. Ni kama kartiye inayopata maji kwa bomba moja kubwa: bomba likiziba, nyumba zote za chini zinakauka kwa wakati mmoja.

Damu ya ugwe inaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, mshipa unaziba, na sehemu ya ugwe inakosa damu. Mambo yanakwenda haraka, kwa saa chache tu. Ya pili, mshipa mbovu unapasuka na damu inamwagika ndani. Maumivu makali yanakuja ghafula, kisha miguu. Ya tatu, mishipa iliyosokotana inazuia damu kurudi, au inaubana ugwe, na mtoto anadhoofika polepole kwa majuma au miezi. Mtoto wetu alipitia ya pili, kisha ya tatu, kisha ya pili tena.

Magonjwa hayo ni ya nadra sana, wamama. Hatutaki mtu alale na hofu. Watoto wengi wanaokojoa kitandani hawana ugonjwa wa mgongo, na mtoto wa miaka 4 au 5 anayelowesha kitanda usiku ni jambo la kawaida. Wengi wanaoumwa mgongo wamebeba tu bidoni za maji nzito kuliko umri wao. Lakini huhitaji kujua jina la ugonjwa ili uondoke nyumbani. Unahitaji kujua kwamba ugwe unaita, na ugwe una lugha yake.

Neno la kwanza la lugha hiyo ni miguu yote miwili. Mtoto akidhoofika upande mmoja, mkono na mguu pamoja, na mdomo ukapinda, hilo linatoka kichwani. Wamama wenye watoto wa drepanositozi, ile tunayoiita SS, wanapaswa kulijua vizuri, maana damu ya SS inaweza kuziba mshipa wa kichwa, na mara chache sana hata wa mgongo. Mguu mmoja tu ukilegea baada ya sindano ya matakoni, pengine sindano imegusa mshipa wa fahamu. Lakini miguu miwili ikilegea, hata kama mmoja umezidi mwenzake, fikirini mgongo.

Neno la pili ni mkojo na choo. Mtoto aliyekwisha kujizuia mchana anaanza tena kujilowesha, au hapati mkojo kabisa na tumbo la chini linavimba, au anakaa siku nyingi bila choo. Kwa mtoto mchanga angalieni kitambaa: kinakaa kikavu muda mrefu kuliko kawaida, au kinadondoka tone kwa tone bila kukoma.

Neno la tatu ni ngozi isiyosikia. Kandambili inamtoka bila kujua. Anakanyaga mwiba na hasemi kitu. Wakubwa kidogo wanasema miguu imelala, inatembea sisimizi, au kuna mshipi unaowabana kifuani au tumboni. Jaribuni kwa kijiko kilichotoka kwenye maji baridi, kwanza mkononi, kisha tumboni, kisha mguuni. Mwulizeni kama ni sawa. Maji ya moto msiyatumie kamwe. Mtoto wetu ana kovu pajani la kutukumbusha.

Neno la nne ni maumivu ya mgongo kwa mtoto mdogo, sana sana yale yanayokuja ghafula bila kuanguka, au yanayomwamsha usiku. Mtu mzima ana sababu nyingi za kuumwa mgongo. Mtoto mdogo hana nyingi.

La tano ni alama kwenye ngozi. Watoto wachache wenye mishipa iliyosokotana ndani wana pia alama ya kuzaliwa mgongoni, nyekundu au ya zambarau. Kwa ngozi yetu nyeusi inaweza kuonekana kama doa jeusi zaidi, wakati mwingine lenye joto. Stanley Cobb, mganga wa Marekani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1915. Alama peke yake si ugonjwa, na watoto wengi wanazo. Lakini alama mgongoni pamoja na miguu inayodhoofika, semeni kwa mganga. Semeni pia kama katika jamaa kuna watu wanaotoka damu puani mara nyingi tangu utoto, maana kuna ugonjwa wa mishipa ya damu unaorithiwa ambao unaonekana hivyo.

Na la sita ndilo lililotudanganya sisi. Ugonjwa unakuja, unaondoka wenyewe, unarudi. Mtoto aliyepoteza miguu kwa siku mbili kisha akasimama hajapona mpaka mganga aseme kwa nini aliipoteza. Siku alipotembea tena tuliimba. Ingekuwa siku ya kumpeleka hospitali akitembea kwa miguu yake, kwa taksi-moto, kwa bei ndogo.

Pengine mtauliza: je, kila miguu inayolegea ni damu ya mgongo? Hapana. Hapa kwetu Congo kuna sababu nyingine zinazojulikana zaidi, na ndiyo maana lazima mganga aangalie. Kuna polio. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020, lakini aina inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika, mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, imeendelea kusumbua nchi yetu, pamoja na mikoa ya Katanga ya zamani. Kwa sababu hiyo kila mtoto chini ya miaka 15 anayelegea ghafula lazima atangazwe kwenye kituo cha afya, na choo chake kipimwe mara mbili, kwa tofauti ya saa 24, ndani ya siku 14. Kumbukeni sheria hiyo. Ukifika kituoni useme: "Mtoto wangu amelegea miguu ghafula, hana miaka 15." Muuguzi anajua kwamba neno hilo haliwekwi kando.

Kuna kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho kinakuja polepole, na mara nyingi mgongo unatoa nundu. Dawa zake ni za bure. Kuna konzo, ambayo Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango. Inatokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, sana sana wakati wa njaa ambapo watu wanakula bukari ya muhogo bila samaki wala nyama. Inakaza miguu yote miwili kwa siku chache, lakini kwa kawaida haigusi mkojo, na ngozi inaendelea kusikia. Mwaona jinsi habari ya mkojo na ya ngozi inavyomsaidia mganga kuchagua njia? Msione haya kuisema. Mama wa mtoto wetu hakusema habari ya mkojo kwa sababu aliona ni aibu ya nyumba, na sisi ndio tuliofanya iwe aibu.

Sasa, mambo ya kufanya. Miguu ikilegea ghafula, au mkojo ukifungwa pamoja na miguu, ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ugwe unaokosa damu hausubiri Jumatatu. Mlazeni mtoto sawasawa, juu ya mlango au ubao kama amepigwa au ameanguka, na mumgeuze mwili mzima kwa pamoja. Msimkande mgongo. Msimvute miguu. Msimkalishe kwa nguvu ili aone kama anaweza. Msimtie dawa ya kienyeji kwa nyuma eti kwa sababu hapati choo. Chale pia hapana. Maombi hatukatazi hata kidogo. Ombeni mkiwa njiani. Na mkisikia mtu anasema ni ulozi wa jamaa fulani, mwambieni atasema vizuri zaidi baada ya mganga kumaliza. Nyumba ya mtoto wetu ilikaribia kuvunjika, maana shangazi mmoja alishtakiwa, na mpaka leo hapiti mlangoni kwa uhuru, ingawa picha ya IRM imeonyesha aliyekosea ni mshipa wa damu.

Andikeni tarehe. Si lazima daftari la shule. Hata nyuma ya kalenda ya ukutani: siku alipoanguka, siku aliposema miguu imelala, siku alipolowesha nguo, siku alipopona. Pelekeni kalenda hiyo hospitali. Mganga wa Lubumbashi alituambia kwamba mistari ile ya pembeni ilimsaidia kujua atafute nini katika picha.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu. Tuliketi na wenzetu shuleni na kukubaliana mambo matatu. Mtoto aliyejilowesha anatolewa kimya, anapewa kitambaa, na mzazi anaitwa kwa maneno mema. Mtoto anayechelewa anaulizwa kwanza: "Miguu yako inakwenda namna gani?" Na kupiga magoti kumeondolewa. Tena, katika mazoezi ya viungo tumeacha kuwalazimisha watoto kujikunja kinyumenyume mpaka mikono ishike chini. Huko China waganga wameandika juu ya wasichana wadogo wa darasa za kucheza ngoma ambao baada ya kujikunja hivyo waliumwa mgongo, wakatembea kidogo, na kwa dakika au saa chache miguu ikafa; ugwe ulivutwa, na damu yake ikakatika. Ni jambo la nadra. Lakini mtoto akisema mgongo umeuma baada ya zoezi kama hilo, zoezi limekwisha, na anaangaliwa.

Mtatuuliza mtoto yuko wapi sasa. Yuko darasani. Tumemweka karibu na mlango, si kwa adhabu, bali kwa sababu anatoka mara kwa mara. Mama yake alifundishwa kutoa mkojo kwa mpira mwembamba na safi, mara 4 au 5 kwa siku, naye sasa anajifunza kufanya mwenyewe. Mguu wa kulia umerudi kiasi. Wa kushoto anauburuta. Anatembea na fimbo mbili ambazo seremala wa avenyu yao alimchongea bure.

Mishipa iliyosokotana bado iko ndani. Kuna dawa yake: mganga anapitisha mpira mwembamba sana ndani ya mshipa wa damu kutoka kwenye kinena mpaka mgongoni, na kuiziba mishipa mibovu kwa gundi maalum, au inatolewa kwa upasuaji. Kazi hiyo inafanywa na waganga wachache na mashine kubwa, na walituambia tutafute nje ya nchi. Likelemba yetu ya wamama ilitoa falanga za picha. Za safari hazijatimia. Mfuko uko wazi kila Jumatano baada ya mkutano, na mwekahazina anaandika kila franka inayoingia. Mganga alisema wazi kwamba mishipa hiyo inaweza kuvuja tena. Hatusemi hivyo ili kuwatisha, tunasema kwa sababu mama yake anaishi nayo kila usiku, akisikiliza kama mtoto anageuka kitandani.

Siku moja, baada ya masomo, tulimwita mtoto, tukakaa naye kwenye benchi. Tulimwomba msamaha, kwa ajili ya dawati na kwa ajili ya magoti. Mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, mtoto anaona haya kuliko mtu mzima. Aliangalia fimbo zake, akasema: "Madamu, hamkujua." Tukamwambia ni kweli, lakini tulikuwa tumeandika. Hakuelewa. Alituuliza kama anaweza kwenda kutazama wenzake wakicheza mpira.

Wamama wapendwa, leo jioni, watoto wakioga, waangalieni. Wasimame kwa mguu mmoja, warukeruke, wakae chini na kuinuka bila kushika kitu. Itakuwa mchezo, watacheka, na ninyi mtakuwa mmeona miguu yao. Kama kuna anayeshika ukuta ili ainuke, msicheke. Andikeni tarehe, na kesho asubuhi mpelekeni.